Ari ya Mwandishi Mbele ya Tarehe ya Mwisho: Tafakari Juu ya Riwaya ya "Mcheza Kamari"

Katika vitivo vyetu vya fasihi kuna kisa kimoja kipendwacho mno na walimu na wanafunzi kwa pamoja. Ni kisa cha Fyodor Dostoevsky, mwandishi wa Urusi, ambaye mnamo Oktoba 1866 alitunga riwaya nzima kwa muda wa siku 26 huku mdai wake akimngojea kwa hamu ashindwe. Riwaya hiyo wengi wetu tumeisoma kwa Kifaransa, kwa jina la Le Joueur. Humu tutaiita Mcheza Kamari. Aghalabu kisa hiki husimuliwa ili kuthibitisha jambo moja tu: kwamba shinikizo ndilo mama wa ubunifu, na kwamba mwandishi wa kweli huamka pale kamba inapomfika shingoni. Mwanafunzi aliyebakiwa na mwezi mmoja kabla ya kukabidhi tasnifu yake hukikumbuka kwa faraja. Mwandishi chipukizi aliyeahidi mswada kisha akaacha miezi ipite hukitaja kwa majivuno.

Makala haya yanakusudia kukisoma upya kisa hicho, sambamba na riwaya yenyewe. Hatukani matukio, kwani yanajulikana vyema. Tunachokana ni funzo ambalo watu wamezoea kulichota humo. Rai yetu ni kwamba tishio la tarehe ya mwisho halikumpa Dostoevsky ari ya kuandika, bali lilimnyima ari hiyo kwa muda wa miezi 15. Na kwamba kilichomrudishia ari ni mambo mengine, madogo zaidi na ya kawaida zaidi, ambayo wasimulizi wa kisa hiki huyapita mbio kwa sababu hayana msisimko.

Tuanze na mkataba. Mwaka 1864 ulikuwa mwaka wa misiba kwa Dostoevsky. Mkewe wa kwanza, Maria, alifariki mwezi wa Aprili. Kaka yake Mikhail, aliyekuwa mshirika wake katika kazi ya majarida, akafariki mwezi wa Julai. Mwandishi akajitwika madeni ya marehemu pamoja na mzigo wa kuwalisha mjane na yatima. Jarida lao, Epokha, likafa mwaka 1865. Katika kiangazi cha mwaka huo, akiwa ametishwa na wadai kwamba atafungwa, alitia saini mkataba na mchapishaji aitwaye Stellovsky. Kwa rubo 3,000 alimuuzia haki ya kuchapisha maandishi yake yote ya nyuma, na juu ya hayo akaahidi riwaya mpya isiyopungua karatasi kumi kubwa za matbaa, yaani takriban kurasa 160 za kitabu, ifikapo tarehe 1 Novemba 1866. Endapo angeshindwa, Stellovsky angepata haki ya kuchapisha kila alichoandika na atakachoandika kwa muda wa miaka tisa bila kumlipa hata kopeki moja. Jambo baya zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya fedha zile ilirudi mfukoni mwa Stellovsky mwenyewe, kwa vile alikuwa amezinunua kwa bei ya chini, kupitia watu wengine, hati za madeni za mwandishi. Kwa ufupi, mkataba ule ulikuwa mtego, na aliyeutega alitaraji faida kubwa zaidi kutokana na kushindwa kwa mwandishi kuliko kutokana na riwaya yenyewe.

Hapa msomaji na atulie kidogo. Ikiwa ni kweli kwamba tishio huzaa ari, basi hakuna mwandishi katika historia aliyepata kuwa na sababu kubwa zaidi ya kushika kalamu mara moja. Je, alifanya nini? Aliondoka akaenda Wiesbaden, Ujerumani, akapoteza kwenye meza ya ruleti fedha zote alizosalia nazo. Kisha miezi ikapita. Kipupwe, masika, kiangazi. Mpaka tarehe 1 Oktoba 1866, mwezi mmoja kabla ya kikomo, riwaya aliyodaiwa na Stellovsky ilikuwa haijaandikwa.

Msomaji mwenye haraka atasema: alikuwa mvivu, au alikuwa mlevi wa kamari. La. Katika miezi hiyohiyo mtu huyohuyo alikuwa akiandika Uhalifu na Adhabu, riwaya ambayo peke yake ingetosha kumpa nafasi katika fasihi ya dunia. Aliianza Wiesbaden mnamo Septemba 1865, katika chumba cha hoteli ambacho alishindwa kukilipia. Mnamo Novemba aliuchoma moto mswada wake wa kwanza akaanza upya. Kuanzia Januari 1866 riwaya hiyo ilichapishwa sehemu baada ya sehemu katika jarida la Russky Vestnik lililoongozwa na Katkov. Mchapaji wa jarida hangoji, na sehemu zile zilitoka mwaka mzima.

Kwa hiyo tunao mbele yetu ushahidi wa ajabu, na hatujui kwa nini wahakiki hawautumii zaidi: mwandishi mmoja, mwaka mmoja, madeni yaleyale, afya ileile ya mtu mwenye kifafa, na tarehe za mwisho za aina mbili. Moja ilikuwa mbali, kubwa, yenye adhabu ya kutisha. Nyingine zilikuwa karibu, ndogondogo, zenye kurudiarudia, na adhabu yake haikupita aibu na kukosa malipo. Za pili alizitimiza. Ya kwanza aliikimbia.

Mnamo Juni 1866 alimwandikia barua Anna Korvin-Krukovskaya, msichana aliyewahi kumposa, akimweleza mpango wa kustaajabisha: ataandika riwaya mbili kwa miezi minne, moja asubuhi na nyingine jioni, jumla ya karatasi 30 za matbaa, jambo ambalo hakuna mwandishi aliyepata kulifanya, na kwamba Turgenev angekufa kwa kulifikiria tu. Barua hii hupendwa na waandishi wa tawasifu kama dalili ya ujasiri. Sisi tunaiona tofauti. Mtu aliye katikati ya kazi hana haja ya kujisifu kwa kazi atakayoifanya. Mpango wa asubuhi na jioni ni mpango wa mtu anayejaribu kuiamsha ari yake kwa maneno, na majira yale ya kiangazi aliyoyakaa Lyublino, karibu na Moscow, yalipita bila ile riwaya ya jioni kuandikwa. Kila aliyewahi kuchora ratiba nzuri yenye rangi tatu badala ya kuandika ukurasa mmoja anaufahamu ugonjwa huu.

Tarehe 1 Oktoba rafiki yake Milyukov alikuja kumtembelea akamkuta amekata tamaa. Alipofahamishwa mkataba ulivyo, Milyukov alipendekeza njia ya mkato: marafiki wagawane sura, kila mmoja aandike yake, naye Dostoevsky atie jina lake juu. Dostoevsky alikataa, hatatia jina lake katika kazi ya mtu mwingine. Ndipo rafiki akatoa shauri la pili: atafute mwandishi wa hatimkato, amsomee riwaya kwa imla. Olkhin, mwalimu wa hatimkato mjini Saint Petersburg, akamletea mwanafunzi wake hodari, Anna Grigoryevna Snitkina, msichana wa miaka 20. Kazi ikaanza tarehe 4 Oktoba. Ikaisha tarehe 29.

Ni kitu gani kilichobadilika baina ya Septemba na Oktoba? Tishio lilikuwa lilelile. Naam, lilikuwa limesogea, lakini kusogea huko kulikuwa kumemfikisha mwandishi kwenye kukata tamaa, si kwenye meza ya kuandikia. Kilichobadilika ni utaratibu wa kazi. Tunaujua kutokana na kumbukumbu za Anna mwenyewe, zilizochapishwa mwaka 1925, miaka saba baada ya kufa kwake. Kumbukumbu hizo ziliandikwa uzeeni na mjane aliyempenda mumewe, na inatupasa kuzisoma kwa tahadhari pale zinapopamba. Lakini habari za ratiba na za kurasa hazina sababu ya kupambwa.

Usiku Dostoevsky aliandaa maelezo yake, kwani ndiyo saa aliyozoea kufanya kazi. Mchana, kuanzia saa sita hadi saa kumi hivi, Anna alikuja, naye akamsomea kwa vipindi vya nusu saa au zaidi kidogo. Kati ya vipindi walikunywa chai wakazungumza; alimsimulia mambo ya maisha yake, hata ile asubuhi ya Desemba 1849 aliposimamishwa kiwanjani akingojea kupigwa risasi kabla ya msamaha kutangazwa. Jioni Anna alirudi kwao akazigeuza alama za hatimkato kuwa maandishi ya kawaida, na kesho yake akazileta kurasa safi. Mwandishi akazisahihisha. Halafu wakazihesabu. Anna anaeleza jinsi Dostoevsky alivyokuwa akiuliza kila mara jana wamemaliza kurasa ngapi, zote kwa jumla sasa ni ngapi, na kama yeye Anna anaona watawahi. Na jinsi alivyochangamka kadiri rundo lilivyopanda.

Tunaomba msomaji asilidharau jambo hili la kuhesabu. Kurasa 160 ukizigawa kwa siku 26 unapata kurasa sita na kitu kwa siku. Riwaya inayodaiwa na Stellovsky ni mlima; kurasa sita ni kilima ambacho mtu aliyezoea kazi hukipanda kabla ya chakula cha jioni. Tarehe 1 Novemba ilikuwa haina uso. Kesho saa sita ilikuwa na uso, nao ni uso wa msichana mwenye penseli mkononi aliyekuja kwa miguu katika baridi na kulipwa kwa kazi yake. Mkataba mkubwa ulivunjwavunjwa ukawa miadi 26 midogo, na miadi midogo, kama tulivyoona kwa jarida la Katkov, ndiyo aliyoweza kuitimiza.

Kuna jambo jingine, ambalo sisi wasomaji wa fasihi simulizi tunapaswa kulitambua upesi kuliko wahakiki wa Ulaya. Fanani wa ngano hahitaji tarehe ya mwisho. Akisema "Paukwa", hadhira ikajibu "Pakawa", ari imekwisha patikana. Wale walioitikia wamemfunga kwa ahadi, na macho yao humwambia wapi pa kurefusha na wapi pa kukatisha. Mwandishi wa riwaya amenyang'anywa haki hiyo. Huzungumza peke yake kwa miezi, akijibiwa na ukuta. Dostoevsky, kwa muda wa siku 26, alirudishwa katika hali ya fanani. Anna hakuwa mashine ya kunakili. Alimchukia mhusika mkuu kwa unyonge wake, akawapenda Bibi mzee na Mwingereza Astley, na alisema hivyo waziwazi. Mwandishi naye akamtetea mcheza kamari wake, akikiri kwamba mengi katika hisia zile ameyapitia mwenyewe. Mtu anayelazimika kumtetea mhusika wake mchana hawezi kukosa la kuandika usiku.

Linabaki jambo la tatu, nalo ndilo linalowaangusha wale wanaodhani kwamba riwaya hii ilitungwa kwa siku 26. Iliandikwa kwa siku 26. Haikutungwa kwa siku 26. Mnamo Septemba 1863 Dostoevsky alimwandikia Strakhov barua kutoka Roma akimweleza wazo la hadithi kuhusu Mrusi anayeishi ughaibuni, mtu mwenye kipaji asiyekamilika, ambaye nguvu zake zote za uhai zimemiminika kwenye ruleti. Huyo ni Aleksei Ivanovich mzima mzima, miaka mitatu kabla Anna hajachonga penseli yake. Katika miaka hiyo mitatu mwandishi alikuwa amefanya utafiti wa kutosha, kwa gharama yake mwenyewe, mezani Wiesbaden. Mkaa ulikuwa umekwisha kolea. Kilichokosekana ni mtu wa kupepea.

Sasa tuiangalie kazi yenyewe, maana uhakiki usiofika kwenye matini ni porojo za maisha ya watu. Mcheza Kamari ina sura 17. Msimulizi ni Aleksei, mwalimu wa nyumbani katika familia ya Jenerali mmoja wa Kirusi, katika mji wa kubuniwa wa Roulettenburg. Jenerali amezama katika madeni kwa Mfaransa de Grieux, anamtamani Mademoiselle Blanche, na anangoja simu ya upepo itakayomwarifu kwamba Bibi tajiri kule Moscow amekufa. Aleksei anampenda Polina, binti wa kambo wa Jenerali, kwa mapenzi ya mtumwa. Hayo yote tunayapata kwa njia ya maandishi ya Aleksei mwenyewe, anayeandika mambo yakiwa bado moto.

Uteuzi huu wa nafsi ya kwanza ndio ulioiokoa kazi. Imla haipatani na msimulizi maizi anayeingia katika vichwa vya watu kumi. Hupatana na sauti moja inayosema haraka, inayojikatiza, inayojikanusha. Aleksei hubwabwaja, huchokoza, hurudi nyuma kueleza alichosahau. Kasoro hizo zingekuwa za mwandishi katika riwaya nyingine. Hapa ni tabia ya mhusika. Hata nyufa za muda zimegeuzwa kuwa umbo: sura ya 13 inafunguka kwa Aleksei kueleza kwamba amekaa karibu mwezi mzima bila kuyagusa maandishi yake, na sura ya 17 imetenganishwa na ile iliyotangulia kwa mwaka mmoja na miezi minane. Mwandishi mwenye nafasi ya miaka miwili angejaza mapengo hayo. Mwandishi mwenye siku chache aliyaacha wazi, na mapengo yakatuonyesha, bila maelezo, jinsi maisha ya mcheza kamari yanavyomezwa.

Kilele cha riwaya kipo katikati, katika sura za kuwasili kwa Bibi. Mzee wa miaka 75 ambaye watu wanangojea kifo chake anatua ghafla hotelini akibebwa kitini, sauti juu, akiamrisha kila mtu. Anataka aonyeshwe ruleti. Anang'ang'ania kuweka fedha kwenye sifuri, na sifuri inampa. Kisha anarudi na kupoteza karibu kila alichonacho. Humo mna mwendo, kicheko na msiba kwa pamoja, na hakuna dalili hata moja ya mwandishi aliyechoka. Tukumbuke kwamba Bibi ndiye aliyependwa na Anna. Hatuwezi kuthibitisha kwamba Bibi alinenepa katika hadithi kwa sababu msikilizaji alimcheka na kumpenda, lakini anayejua desturi za jukwaa la fanani hatashangaa ikiwa ni hivyo.

Haraka nayo imeacha alama zake, wala hatuna haja ya kuzificha kwa heshima ya jina kubwa. Polina hajakamilika. Tunaambiwa kwamba ana siri, kisha siri hiyo inafunguliwa kwa mkupuo, katika usiku mmoja na asubuhi moja ambapo anamtupia Aleksei usoni faranga 50,000 alizomshindia. Tendo hilo ni kali na halisahauliki, ila msingi wake wa kinafsia umewekwa kwa matofali machache mno. Astley ni mtu wa kutumwatumwa: panapohitajika habari, Astley anazo, panapohitajika fedha, Astley anatoa, panapohitajika mahali pa Polina kukimbilia, Astley yupo. Sehemu ya Paris, ambamo Blanche anazitapanya fedha za Aleksei, imefupishwa hadi kuwa karibu muhtasari. Kwa maoni yetu hizi si kasoro za kukosa kipaji wala za kukosa ari. Ni kasoro za kukosa rasimu ya pili. Kusahihisha kulifanyika kwa siku moja, tarehe 30 Oktoba, ambayo ilikuwa pia siku ya kuzaliwa ya mwandishi.

Kuhusu kufananisha kamari na tarehe ya mwisho, wahakiki wamekwisha sema mengi: kwamba Dostoevsky alimchezea Stellovsky dau la miaka tisa ya maandishi yake kwa siku 26, kama Aleksei anavyoweka guldeni ya mwisho mezani. Ulinganisho huo unapendeza, lakini tunauona unapotosha. Mcheza kamari hafanyi kazi, hungoja. Neno lake kuu ni "kesho", na ndilo linaloifunga riwaya: Astley amemweleza Aleksei kwamba Polina alimpenda na yuko Uswisi, njia iko wazi, naye Aleksei anajiambia kwamba kesho ataanza upya, huku akiwaza meza ya ruleti. Ikiwa kuna Dostoevsky anayefanana na Aleksei, ni yule wa Julai 1865 hadi Septemba 1866, wa mipango ya asubuhi na jioni. Yule wa Oktoba, anayehesabu kurasa na Anna, ndiye aliyeacha kusema kesho. Ajabu ni kwamba aliweza kukichora kishawishi hicho barabara siku zilezile alipokuwa akikishinda katika kazi, ingawa kwenye ruleti yenyewe hakukishinda hadi mwaka 1871.

Huenda mtu akasema kwamba tumejenga nyumba kubwa juu ya nguzo moja. Na tuangalie basi wengine wachache. Stendhal aliisoma kwa imla La Chartreuse de Parme mjini Paris kuanzia tarehe 4 Novemba hadi tarehe 26 Desemba 1838. Hakutishwa na mtu. Furaha ya kusimulia ndiyo iliyomsukuma, na msomaji huisikia katika kila sura. Lakini mchapishaji Dupont alitaka vitabu viwili visivyozidi kiasi, na mwisho wa riwaya ukabanwa: watu wanakufa katika kurasa chache kana kwamba mlango unafungwa. Hapo hitaji la mchapishaji halikuleta ari yoyote, lilileta mkasi. Balzac alipoisifu riwaya hiyo mwaka 1840 na kushauri marekebisho, Stendhal alianza kuirudia, akaacha, akafariki mwaka 1842.

Trollope wa Uingereza, mtumishi wa posta, aliketi kuandika saa kumi na moja na nusu alfajiri akiwa na saa mezani, maneno 250 kila robo saa, na akaweka daftari lenye idadi ya kurasa za kila juma, ili siku aliyozembea imkodolee macho. Alipoyafichua hayo katika tawasifu yake iliyotoka mwaka 1883, baada ya kifo chake, wasomaji wengi walichukizwa. Walitaka kusikia habari za wahyi, si za saa. Simenon wa Ubelgiji alijifungia akaandika sura moja kila siku, akikata siku kwenye kalenda, na ugonjwa ukimkatiza kwa siku kadhaa alikitupa kitabu. Waandishi hawa wawili hawafanani na Dostoevsky kwa tabia wala kwa kina. Wanafanana naye kwa kitu kimoja: kazi ya leo ilikuwa na mwisho wake leo.

Mfano ulio kinyume kabisa ni wa Ngũgĩ wa Thiong'o. Alipowekwa kizuizini Kamiti, kuanzia Desemba 1977, hakuwa na tarehe ya mwisho hata ya kifungo chenyewe. Kizuizi bila hukumu hakina siku ya kutoka. Aliandika kwa Kikuyu, kwenye karatasi za msalani, riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1982 kwa jina la Shetani Msalabani. Askari waliunyakua mswada wakati wa upekuzi, na baadaye akarudishiwa. Hapa hakuna Stellovsky, hakuna malipo, hakuna anayedai. Kulikuwa na lugha aliyoazimia kuiandikia na karatasi moja kwa wakati mmoja. Anayeshikilia kwamba bila tishio la tarehe hakuna riwaya inayokamilika, na atueleze Kamiti.

Haya yanatuhusu nini sisi wa idara za Kiswahili hapa Kongo? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, mchapishaji anayemdai mwandishi wa Kiswahili riwaya, hata kwa hila kama za Stellovsky, ni nadra kwetu. Mwandishi wetu anaandika baada ya vipindi vya kufundisha, wakati mwingine kwa taa ya mafuta, na hakuna anayehesabu kurasa zake. Shaaban Robert naye aliandika hivyo, akiwa karani wa serikali ya kikoloni, na ushindani kama ule wa hadithi za Kiswahili wa mwaka 1957-58, uliompa Muhammed Said Abdulla tuzo ya kwanza kwa Mzimu wa Watu wa Kale, haukuwa jambo la kila mwaka. Kumwambia mwandishi wa namna hii kwamba angoje shinikizo limwamshe ni kumhukumu anyamaze.

Pili, sisi walimu tunaiga mkataba wa Stellovsky bila kujua. Tunampa mwanafunzi mada, tunampa tarehe moja ya mbali yenye adhabu, yaani kurudia mwaka, kisha tunafunga mlango. Baada ya miezi kumi tunashangaa kupokea sura ya kwanza peke yake, na tunaandika pembeni kwamba mtahiniwa hana ari. Nani alisikiliza kurasa zake sita za Jumanne? Semina ambamo kila juma mtu anasoma alichoandika mbele ya wenzake watano haihitaji ruzuku wala jengo. Inahitaji mwalimu akae asikilize, na hiyo, tuseme kweli, ndiyo sehemu ambayo sisi wenyewe tunaikimbia kama Dostoevsky alivyomkimbia Stellovsky.

Kisa chenyewe kina mkia. Riwaya ilipokamilika na Dostoevsky akaenda kuikabidhi, Stellovsky alikuwa amesafiri, na karani wake akakataa kuupokea mswada. Mtego ulikuwa na kitanzi cha pili. Ikabidi mwandishi aupeleke mswada kwa ofisa wa polisi wa mtaa, akapewa stakabadhi yenye saa, takriban saa mbili kabla ya usiku wa manane kuifunga siku ya mwisho. Hapo wasimulizi wengi hushusha pazia. Lakini Novemba hiyohiyo Dostoevsky alimwomba Anna aendelee kuja, kwa ajili ya sehemu ya mwisho ya Uhalifu na Adhabu. Sasa hapakuwa na kitanzi cha miaka tisa. Anna alikuja kama kawaida, penseli mkononi. Imla ikaendelea, kurasa zikahesabiwa, na toleo la Desemba la Russky Vestnik likatoka likiwa na mwisho wa riwaya.